Mgeni Afanane Nasi Kiasi Gani?

Mhadhara wa wazi kuhusu rangi, uhamiaji na uraia Afrika Mashariki



Oktoba 1961, wiki chache kabla ya bendera ya Tanganyika kupandishwa, Bunge liliketi Dar es Salaam kujadili muswada wa sheria ya uraia. Taifa linalozaliwa Desemba litakuwa la nani? Serikali ya Waziri Mkuu Julius Nyerere ilitaka uraia umfuate mtu aliyezaliwa hapa na ambaye mzazi wake alizaliwa hapa, na wengine waweze kuomba, bila kuulizana rangi. Wakasimama wabunge wa chama chake mwenyewe kupinga. Walitaka uraia uwe wa Mwafrika kwanza. Mhindi, Mwarabu na Mzungu wakae pembeni wapimwe uaminifu wao.

Tusiwabeze wabunge wale. Hoja yao ilikuwa na mizizi. Mtu aliyetembea mitaa ya Dar es Salaam mwaka ule aliona kwa macho yake nani ana duka, nani ana ofisi na nani amebeba gunia. Tabaka na rangi vilifuatana kama vile mtu alivipanga, na kwa kweli wakoloni walivipanga. Nyerere hakukana hilo. Alisema waziwazi kwamba hali hiyo ni baruti tunayoikalia. Alichokataa ni dawa iliyopendekezwa. Aliwafananisha wanaotukuza rangi na akina Hitler, akasema Serikali itajiuzulu Bunge likikataa muswada, kisha akatoa onyo ambalo kwangu ndilo kiini cha hotuba ile: ukishaanza kusema watu wote ni sawa isipokuwa hawa, hutakomea kwa Wahindi. Utafika kwa Wamasai, kwa Wagogo, kwa Waha. Muswada ukapita.

Nimeanza na mjadala huo kwa sababu wengi wetu tunaamini ulimaliza jambo. Ulimaliza sehemu yake. Rangi iliondolewa kwenye maandishi ya sheria, lakini likabaki swali ambalo halikuandikwa popote na ambalo tunalitumia kila siku: mgeni afanane nasi kiasi gani, kwa lugha, kwa jina, kwa dini, kwa lafudhi, ndipo tumhesabu mwenzetu? Msimamo wangu ni kwamba swali hilo tumelisimamisha kichwa chini, miguu juu. Tunamtaka mtu afanane nasi kwanza ndipo apewe haki, ilhali historia ya nchi zetu inaonyesha kwamba kufanana huja baada ya haki, tena kwa mwendo wake wenyewe. Na pale kulipokuja mapema, mara nyingine hakukumsaidia mtu kitu.

Twendeni kwenye bonde la mto Juba, kusini mwa Somalia, sehemu iliyojulikana kama Gosha. Katika karne ya 19 majahazi yalibeba watumwa kutoka pwani yetu, Wazigua, Wayao, Wamakua na wengine, yakawashusha katika bandari za Benadir: Barawa, Merka, Mogadishu. Wakatumikishwa mashamba ya mto Shebelle. Waliofanikiwa kutoroka walijificha katika misitu ya Juba na kufungua vijiji vyao. Baadhi ya Wazigua waliishika lugha yao kizazi baada ya kizazi. Wengine, hasa wa asili mchanganyiko, waliziacha lugha za kwao kabisa. Walizungumza Kisomali, waliswali katika safu moja na Wasomali, na walijiunga na koo za Kisomali wakawa wanahesabiwa humo. Kama kuna watu duniani waliotimiza masharti yote ya kufanana, ni hawa. Hata hivyo waliendelea kuitwa jareer, yaani wenye nywele ngumu, na kumwoza mtu wa Gosha binti wa ukoo kulihesabiwa fedheha.

Januari 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka. Wanamgambo wa pande zote walishuka Juba kupora maghala, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na chakula. Siku hiyo ndipo ilipojulikana thamani ya ule ukoo wa kujiunga: hakuna aliyekuja na bunduki kuwatetea. Wengi walikimbilia kambi za Dadaab nchini Kenya, na kuanzia mwaka 2003 maelfu yao wakachukuliwa na Marekani. Wengine walikuja Tanga, wakiwa wamesimuliwa na wazee wao kwamba huko ndiko walikotoka. Walipokelewa Mkuyu, kisha wakapewa makazi Chogo, wilaya ya Handeni, katikati ya Uzigua. Kizigua chao, kilichokuwa kimekaa ugenini zaidi ya miaka 100, kilisikika vizuri. Serikali ya Tanzania iliwapa ardhi na ikawafungulia mlango wa uraia.

Najua kuna mtu hapo nyuma anataka kunikatiza: si lugha hiyohiyo iliyowasaidia? Ndiyo, iliwasaidia kupokelewa. Lakini angalieni ni lugha ipi. Ni ile waliyokataa kuiacha. Walioyeyuka pale Juba hawakupata ulinzi wowote kwa kuyeyuka kwao, na waliobaki na chao ndio waliokuwa na mahali pa kubisha hodi. Sidai kwamba hiyo ni kanuni ya dunia. Nadai tu kwamba anayehubiri kuyeyuka kama bei ya kukubalika ana deni la kutueleza habari za Gosha.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo penye mambo mengi. Mwaka 1972 jeshi na serikali ya Burundi viliua Wahutu kwa wingi wa kutisha, wakianza na waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi. Makumi ya maelfu walivuka kuja kwetu. Serikali iliwapa mapori Ulyankulu mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Katavi. Kwa viwango vya dunia ya leo ulikuwa ukarimu mkubwa mno. Walipewa ardhi na pembejeo, na baada ya miaka michache walikuwa wanajilisha, wanauza tumbaku na mahindi, wanalipa kodi. Watoto wao walisoma mitaala yetu, kwa Kiswahili. Sharti lilikuwa moja: kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali. Warundi wengine hawakuingia makazini kabisa. Walibaki Kigoma mjini na vijiji vya jirani, wakajitafutia riziki kimyakimya.

Katikati ya miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Liisa Malkki aliishi na makundi yote mawili, na alichokikuta kingefaa kufundishwa kwa kila ofisa anayeshughulikia wageni. Mishamo, ndani ya mipaka ya makazi, alikuta watu wanaosimulia historia ya Uhutu wao karibu kila siku, kwa mpangilio mmoja, kama mafundisho. Walijiona taifa lililo uhamishoni, likisubiri kurudi. Kuchanganyika na wenyeji kwao kulikuwa kujipoteza. Kigoma mjini hali ilikuwa tofauti kabisa. Huko Mrundi wa 1972 alikuwa Muha mbele ya huyu, mtu wa hapahapa mbele ya yule. Alioa au kuolewa mjini, alishika biashara aliyoipata, na jina la mkimbizi hakulitaka hata kulisikia. Watu waliokimbia mauaji yaleyale, mwaka uleule, wakisema lugha ileile. Hakuna aliyewaamuru wa Kigoma wafanane na wenyeji wao. Waliachiwa soko, njia na majirani, mengine yakajiendea. Na wale tuliowazungushia mpaka ili wasichanganyike nasi, mpaka wenyewe ndio uliowafanya kuwa taifa ndani ya taifa.

Mwaka 2007 waliobaki katika makazi yale matatu, kiasi cha watu 218,000, waliulizwa wanataka nini. Zaidi ya 50,000 walichagua kurudi Burundi. Waliosalia waliomba uraia, na kufikia mwaka 2010 zaidi ya 162,000 walikuwa wamekubaliwa. Sijui nchi nyingine iliyowahi kuwapa uraia wakimbizi wengi kiasi hicho kwa mkupuo, na kila mara ninapokuwa ugenini hujivunia jambo hilo kuliko hata mlima wetu. Lakini soma maandishi madogo. Vyeti vilizuiwa. Ili uvipate ulitakiwa kuondoka Ulyankulu, Katumba au Mishamo, mahali ulipozaliwa wewe na walipozikwa wazazi wako, ukahamie mikoa mingine ya nchi, familia hii huku na ile kule. Hoja ilikuwa kwamba wakitawanywa watakuwa Watanzania kweli.

Tufikiri kidogo kuhusu sharti hilo. Watu hawa walikuwa wameukana uraia wa Burundi, kwa kuwa sheria yetu hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Burundi haikuwa kwao tena, na Tanzania ilikuwa na vyeti vyao kabatini. Ningependa kumwona Mgogo au Mnyakyusa akiambiwa kwamba Utanzania wake utakamilika atakapokubali kuhama kijijini kwao asikae karibu na ndugu zake. Hatukumwambia Mgogo hivyo kwa sababu tunajua ni upuuzi. Mtu hukaa na ndugu zake na akawa raia mwema. Mwishowe Serikali iliona hivyo pia: Oktoba 2014 Rais Jakaya Kikwete alianza kugawa vyeti, na sharti la kuhama likaachwa. Miaka minne ilikuwa imepita ya watu kutojua kama wajenge au wasijenge, wapande miti au wasipande.

Na katikati ya miaka hiyo minne kuna mwaka 2013. Serikali hiyohiyo iliendesha Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma kuwaondoa wahamiaji haramu. Nchi ina haki ya kulinda mpaka wake, na wapo waliokuwa na bunduki za wizi wa ng'ombe waliostahili kukamatwa. Lakini katika msako ule waliondolewa pia watu waliokaa nchini miongo mizima, waliooa na kuzaa hapa. Na wapo waliobaki wakilalamika kwamba walikuwa raia tangu mwanzo. Kosa lao lilikuwa sura, jina na lafudhi. Yaani kwa upande mmoja tulikuwa tunamtaka mtu wa Mishamo ajifunze kufanana nasi, na kwa upande wa pili tulikuwa tunamkamata mtu wa Ngara kwa sababu anafanana na jirani yake wa ng'ambo.

Mtu wa Kigoma anayaelewa haya kuliko mimi. Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana, na Muha aliyetoka Kasulu au Kibondo akapanda basi kwenda Dodoma hajui kama ofisa wa Uhamiaji kwenye kizuizi cha barabarani atamwuliza babu yake alizikwa wapi. Wabunge wa mkoa huo wamelalamika bungeni mara kwa mara. Hivyo lile jina la Waha alilolitaja Nyerere mwaka 1961, pengine bila kupima sana, limegeuka kuwa jambo halisi. Tulianza na kipimo cha kumtambua mgeni kwa kumtazama na kumsikiliza. Kipimo hicho kikafika kwa raia wa asili kabisa na hakikujua pa kusimama.

Kuhusu ndugu zetu wenye asili ya Asia nitapita haraka, maana habari zao zinajulikana. Januari 1964 Nyerere alifuta upendeleo wa rangi kati ya raia katika ajira za Serikali, na wapo waliofika juu kabisa. Amir Jamal alishika wizara ya fedha kwa vipindi kadhaa. Mwaka 1971 majumba ya kupangisha yalipotaifishwa, sheria haikutaja rangi, lakini wengi walioguswa walikuwa Wahindi, na wengi wakahamia Kanada na Uingereza. Mwaka uliofuata Idi Amin hakujisumbua hata kujificha nyuma ya sheria. Aliwapa Waasia wa Uganda siku 90. Nayataja haya ili nisionekane naamini cheti hutibu kila ugonjwa. Hakitibu. Mwenye cheti anaweza kuendelea kutazamwa kwa jicho la pembeni miaka 50. Ila ana kitu cha kuweka mezani anapotazamwa hivyo, na asiye nacho hana hata pa kuanzia malalamiko.

Wenzetu wa Kenya wamechukua njia nyingine, na kwa mgeni ni njia ya kushangaza. Kenya haimwambii mtu ayeyuke. Inamwambia awe kabila. Oktoba 2016 Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji tangu miaka ya 1930 kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, waliondoka Pwani kwa miguu kuelekea Ikulu ya Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea, akawaomba radhi, akaamuru wapewe vitambulisho. Wakaitwa kabila la 43. Julai 2017 Wakenya wenye asili ya Asia wakatangazwa kabila la 44. Desemba 2020 ikaja zamu ya Washona, waliofika kutoka Zimbabwe ya leo mwanzoni mwa miaka ya 1960 kueneza kanisa lao na wakabaki Kiambu wakisuka vikapu na kufanya useremala. Kiasi cha 1,670 walikubaliwa, pamoja na watu 1,300 hivi wenye asili ya Rwanda. Mwaka 2023, chini ya Rais William Ruto, ikawa zamu ya Wapemba wa Kilifi na Kwale.

Hebu panga watu hao kwa kufanana kwao na majirani. Mpemba wa Kilifi ni mvuvi kama wenzake, Mwislamu kama wengi wa pwani ile, na Kiswahili chake, wenyewe wa Pemba watanisamehe, ni kizuri kuliko cha walio wengi Nairobi. Kama kufanana ndiko kunakofungua mlango, Mpemba angeingia wa kwanza. Ameingia wa mwisho katika hao niliowataja, na hadi siku hiyo hakuweza kupata leseni ya uvuvi wala kusajili laini ya simu kwa jina lake. Mmakonde, aliyekuja na lugha yake, ngoma yake na vinyago vyake, alimtangulia kwa zaidi ya miaka sita. Kwa nini? Kwa sababu Wamakonde walijipanga wakatembea barabarani mbele ya kamera, walikuwa na watu wa haki za binadamu nyuma yao, na uchaguzi mkuu ulikuwa Agosti 2017. Siwalaumu hata kidogo. Ningekuwa na miguu yao ningetembea pia. Nawaonyesha tu kwamba kilichotazamwa mlangoni hakikuwa utamaduni.

Njia hii ya kabila ina uzuri wake. Mshona anaendelea na kanisa lake na lugha yake, na hakuna ofisa anayemwambia ahamie Turkana ili awe Mkenya zaidi. Ubaya wake ni kwamba mlango unafunguliwa kwa kundi. Mtu mmoja ambaye babu yake alitoka Malawi, hana kijiji cha wenzake, hana namba, ataandamana na nani kwenda Ikulu? Na Waasia nao hadithi yao ina kichekesho kichungu. Wengi walikuwa raia halali tangu miaka ya 1960. Makhan Singh, mmoja wao, alidai uhuru wa mara moja mwaka 1950, akazuiliwa zaidi ya miaka kumi. Pio Gama Pinto, mpigania uhuru mwenzake, aliuawa kwa risasi Nairobi mwaka 1965. Ilibidi ifike 2017 ndipo jamii yao ipewe namba kama watu walioshuka jana kwenye meli. Wapo waliofurahi kwa dhati, na nawaelewa, maana katika nchi ambayo salamu ya pili ni kuuliza kabila, kukosa jibu ni upweke mkubwa. Bado naona aibu kwa niaba ya Pinto.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo naiheshimu. Inasema: taifa si ofisi ya kugawa karatasi, linahitaji watu wanaosikilizana, na ukigawa uraia kabla watu hawajashika lugha na desturi, utapata vijiji vinavyoishi pamoja bila kujuana. Wanaoisema si wabaguzi wote. Jibu langu si lile la chapati na taarabu, kwamba sisi sote ni mchanganyiko. Hoja hiyo haijawahi kumbadilisha mtu. Unaweza kula sambusa ukamchukia aliyeikaanga. Jibu langu ni Kigoma na Mishamo. Kusikilizana huja pale watu wanapouziana, wanapooleana, wanaposomesha watoto darasa moja na kugombania kiwanja mahakama moja. Yote hayo yanahitaji uhuru wa kutembea, na haki ya kumiliki na kushtaki. Ukimnyima mtu hivyo ukisubiri ajifunze kwanza, umemfungia nje ya shule unayomtaka afaulu. Sheria yetu ya uraia ya 1995 inamtaka mwombaji ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na tabia njema, awe amekaa nchini miaka inayotosha. Masharti hayo sina ugomvi nayo, yanapimika. Ugomvi wangu ni kwa yale yasiyoandikwa.

Wakenya wa asili ya Kisomali wanayajua hayo yasiyoandikwa. Mwaka 1989 walitakiwa kupita mbele ya kamati kuthibitisha Ukenya wao, kazi ambayo Mkamba na Mkisii hawakupewa. Wanubi wa Kibera, ambao babu zao walikuwa askari wa jeshi la Waingereza na waliwekwa pale zaidi ya miaka 100 iliyopita, walizoea kufika mbele ya wazee wa kamati kama hizo kila kijana alipofika umri wa kitambulisho. Februari 2025 Rais Ruto alisaini Wajir tangazo la kuondoa uchunguzi huo wa ziada kwa watu wa kaunti za mpakani. Waliompinga walisema usalama utaathirika. Ni hofu ya kweli katika nchi iliyopata msiba wa mashambulizi ya kigaidi ya Westgate na ya Garissa. Lakini kamati ya wazee inayomwuliza kijana wa miaka 18 jina la jemadari wa ukoo wake haijawahi kuwa chombo cha upelelezi, na mwenye nia mbaya na pesa mkononi ndiye aliyeipita kwa urahisi zaidi. Aliyekwama ni mtoto wa mchunga ngamia asiye na nauli ya kurudi mara ya tatu.

Kati yenu wanafunzi mliomo humu wapo watakaokaa katika madawati ya Uhamiaji, ya mamlaka ya vitambulisho NIDA na ya mahakama. Mtaletewa faili la mwanamke wa Kasulu au Karagwe, hana cheti cha kuzaliwa kwa sababu alizaliwa shambani mwaka ambao hakuna aliyekuwa anaandikisha watoto wa kijiji kile. Sheria inawataka mjue alizaliwa wapi, lini, na wazazi wake walikuwa nani. Kuna balozi wa nyumba kumi, kuna daftari la ubatizo au la madrasa, kuna rejista ya shule ya msingi, kuna majirani wazee wanaoweza kuapa. Ni kazi ya siku mbili au tatu, na inachosha kuliko kumtazama usoni na kusikiliza anavyotamka maneno. Mshahara mtakaolipwa ni wa hiyo kazi ya siku tatu.

Nimemaliza yangu, Ndugu Mwenyekiti. Naona mikono imeshaanza kuinuka.